Nani Amtetee Daktari Aliyekosea?

Hivi mtu ambaye mtoto wa mwenziwe amefia mikononi mwake, naye mwenyewe anakiri kwamba yapo mambo hakuyafanya sawasawa, anastahili kutafutiwa wakili? Litupe swali hili kijiweni uone. Watakwambia anastahili kamba. Na ukiongeza kwamba mtu huyo ni daktari, tena daktari ambaye bado yuko mafunzoni, ndipo utakapojua watu wana machungu kiasi gani na hospitali. Wengi wetu tumezika, na kila aliyezika ana daktari wake kichwani.

Mimi si mwanasheria wala tabibu. Najifunza kuandika riwaya, na katika riwaya mwovu sharti apatikane, la sivyo msomaji ataona umempotezea muda wake. Ndiyo maana kesi ya Dk. Hadiza Bawa-Garba, wa mji wa Leicester huko Uingereza, ilinikaba kooni. Kila nikitaka kumpa nafasi ya mwovu, wahusika wengine wanabisha hodi.

Tarehe 18 Februari, 2011, mtoto mmoja wa miaka 6, jina lake Jack, alifikishwa hospitali akiharisha, akitapika na kupumua kwa shida. Alizaliwa na Down sindromu, na moyo wake nao ulikuwa na historia ya kasoro. Dk. Bawa-Garba alikuwa akisomea ubingwa wa magonjwa ya watoto. Ndiyo kwanza arejee kutoka likizo ya uzazi ya zaidi ya mwaka mmoja. Siku hiyo alibeba kazi yake pamoja na ya mwenzake ambaye hakuwapo. Daktari bingwa aliyetakiwa kumsimamia alikuwa mji mwingine akifundisha, akaja kutokea jioni. Mashine za kompyuta nazo zikagoma, majibu ya damu iliyotolewa asubuhi yakapatikana alasiri.

Huo ni upande mmoja, na ningeishia hapo ningekuwa mwongo. Daktari yule alidhani mtoto ameishiwa maji kwa sababu ya tumbo, kumbe maambukizi ya mapafu yalikwisha kuingia katika damu. Picha ya kifua ilikuwa tayari mchana. Yeye akaiona baadaye, saa zimekwenda. Kulikuwa na dawa ya kushusha presha ambayo hakutaka mtoto apewe, lakini hakuandika waziwazi kwamba isitolewe, na jioni mtoto akaipata. Moyo uliposimama, akamfananisha na mgonjwa mwingine ambaye iliamuliwa asihangaishwe tena, akawaambia wenzake waache kumshtua. Kosa hilo liligunduliwa upesi na kazi ikaendelea, na hata mahakama haikulihesabu kuwa ndilo lililomuua. Lakini hebu jiweke katika nafasi ya mzazi anayeambiwa habari hiyo! Usiku uleule Jack akafariki.

Mwaka 2015 baraza la raia katika mahakama lilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia kwa uzembe mkubwa. Akapewa kifungo cha miaka 2, kilichoahirishwa. Uchunguzi wa ndani wa hospitali, uliotaja kasoro nyingi za mpangilio wa kazi siku ile, haukuwekwa mbele ya baraza hilo. Juni 2017 jopo la nidhamu ya madaktari likamsimamisha kwa miezi 12. Wakubwa wa Baraza Kuu la Madaktari la nchi hiyo wakaona adhabu ni ndogo, wakakata rufaa, na Januari 2018 Mahakama Kuu ikaamuru jina lake lifutwe kabisa katika orodha ya madaktari. Tarehe 13 Agosti mwaka huohuo, Mahakama ya Rufani ikaitengua amri hiyo.

Hapa ndipo nilipoanza kuelewa kazi ya utetezi ni nini hasa. Nilikuwa nikifikiri wakili ni fundi wa kumfanya mwenye kosa aonekane hana kosa. Lakini Agosti ile hukumu ya 2015 haikuguswa. Hatia ilibaki palepale. Kilichobishaniwa ni kwamba maswali yalikuwa mawili, na yalikuwa yamechanganywa. La kwanza: je, siku ile alianguka chini kabisa ya kiwango cha daktari wa ngazi yake? Hilo lilikwisha kujibiwa. La pili: je, mtu huyu, kwa yote tunayoyajua juu yake tangu siku ile na juu ya mahali alipokuwa akifanya kazi, ni wa kufukuzwa maisha? Swali la pili linaruhusu wahusika wengine waingie ukumbini: bingwa asiyekuwapo, kompyuta iliyokwama, zamu isiyo na mtu. Wote hao hawamtakasi. Ila bila wao hadithi inayosimuliwa ni ya uongo, hata kama kila neno lake ni la kweli.

Na ndugu msomaji, itazame hali ya daktari wa namna hii. Yeye si mwanafunzi wa kukaa dawati la nyuma, wala hajawa bingwa. Zamu hajipangii. Akisema leo tumepungukiwa, siwezi, ataonekana mvivu. Akinyamaza akaendelea, mambo yakiharibika ni yeye aliyeendelea. Anayemfundisha ndiye anayempa kazi, ndiye pia atakayesaini kwamba amefuzu. Sasa mgonjwa akifa, nani ataombwa aandike taarifa ya kilichotokea? Mara nyingi ni haohao. Mwamba ngoma huvutia kwake. Sisemi mabingwa ni watu wabaya. Nasema hakuna binadamu ninayemwamini kuandika bila upendeleo taarifa ambayo ndani yake kuna swali, “Na wewe ulikuwa wapi?”

Halafu kuna hili la kuandika. Madaktari walio mafunzoni Uingereza hutakiwa kuweka daftari la kujitafakari: nilifanya nini, nilikosea wapi, nimejifunza nini. Baada ya kesi ile wengi waliingiwa na hofu kwamba maneno yao wenyewe yatageuka mashahidi dhidi yao, wakaanza kuandika kwa kujihami. Jambo hilo linanitisha kuliko hukumu yenyewe. Mtu asiyekuwa na mtetezi hujitetea kwa silaha ya kwanza anayoipata, na katika wodi silaha ya kwanza ni kunyamaza.

Basi mama yake Jack yuko wapi katika maneno yangu yote haya? Swali hilo najiuliza kabla hujaniuliza. Alimlilia mwanawe hadharani miaka mingi, na hukumu ya Agosti 2018 ilimuumiza. Watetezi wa daktari huyu wakati mwingine walisema kana kwamba mama ni kikwazo katika habari nzuri, na hilo silikubali. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hata hivyo sioni kwamba haki ya mama na haki ya daktari ni mkate mmoja, mmoja akila mwingine analala njaa. Kitu alichostahili mama huyu ni ukweli wote. Kumwadhibu mtu mmoja kwa ukali zaidi kusingemwongezea hata sentensi moja ya ukweli huo.

Msidhani naongelea Wazungu tu. Februari 2018, wakati Uingereza wakigombana, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, kichwa cha mgonjwa asiyehusika kilifunguliwa. Wagonjwa wawili wasiojitambua, mmoja alihitaji kuondolewa damu iliyoganda katika ubongo, mwingine alikuwa na uvimbe wa kutibiwa bila kisu. Saa kadhaa ndani ya upasuaji ndipo walipoona hakuna damu ya kuondoa. Habari ilipofichuka, hospitali ilimsimamisha daktari aliyekuwa akisomea ubingwa wa upasuaji wa ubongo, pamoja na wauguzi na mtaalamu wa usingizi. Wenzake waliokuwa mafunzoni wakasusia kazi. Hoja yao ilikuwa kwamba kitambulisho cha mgonjwa kilikosewa wodini, si kwenye meza ya upasuaji, na kwamba mtu ameadhibiwa kabla uchunguzi haujakamilika. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ina vifungu vya 47 na 50 kuhusu kutendewa haki na kusikilizwa; yetu ya Tanzania ina ibara ya 13. Ukizisoma hukuti panaposema haki hiyo inakoma pale mtu anapokuwa amekosea kweli. Na kusikilizwa bila mtu wa kukusaidia kusema, mbele ya jopo la waliokufundisha, ni kusikilizwa nusu.

Sasa nije kwenye kinachoninyima raha. Mwanzoni mwa 2018 madaktari walichangishana fedha kwa ajili ya Dk. Bawa-Garba, zikapatikana zaidi ya pauni 300,000. Ni mapenzi makubwa, na nadhani pia ni woga. Kila aliyetoa alijiona yeye pale wodini. Fedha zile zilileta mawakili wapya, mawakili wakaleta Agosti. Mwaka 2019 akaruhusiwa kurudi kazini kwa masharti.

Lakini katika kesi ileile ya 2015 alihukumiwa pia muuguzi mmoja. Kosa lake lilikuwa la jina lilelile, kifungo chake kilikuwa cha miaka ileile 2, nacho kiliahirishwa. Yeye alikuwa wa kuletwa na wakala, kibarua wa zamu kama tunavyosema sisi, tena mgeni katika nchi ile kutoka Ureno. Kompyuta iliyokwama ilikwama na kwake. Uhaba wa watu aliuona na yeye. Mwaka 2016 jina lake lilifutwa katika orodha ya wauguzi. Kopo la michango lilipoanza kuzungushwa, yeye alikwisha kufutwa zaidi ya mwaka mmoja, na jina lililoandikwa juu ya kopo lilikuwa la daktari.