Dhamana ya Mtoto Shuleni

Mtoto akianguka katika mtihani, nani alaumiwe? Mzazi humnyoshea kidole mwalimu, mwalimu naye humnyoshea mzazi, na katikati yao mtoto husahauliwa.

Tutazame Kibera na Kawangware, mitaa ya Nairobi. Aghalabu mzazi wa huko hutoka alfajiri kwa miguu kutafuta kibarua, na kurudi usiku katika chumba kimoja ambacho ndicho jiko, ndicho malazi, ndicho mahali pa kusomea. Mwalimu naye ana udhuru wake. Januari 2003 serikali ya Kenya iliondoa karo katika shule za msingi za umma. Watoto wakafurika, na madarasa mengine yakapita watoto 70 kwa mwalimu mmoja.

Udhuru wa wote wawili ni wa kweli. Walakini udhuru hupunguza lawama, hauondoi wajibu. Lawama hugawanywa kama mkate: mmoja akitwaa kipande kikubwa, mwenziwe hupata kidogo. Wajibu sivyo, kila mtu ana wake mzima. Mzazi asiyejua kusoma hawezi kufundisha hesabu, lakini aweza kumwachia mtoto taa na saa moja ya utulivu. Mwalimu hawezi kupunguza darasa, lakini aweza kumjua kwa jina mtoto aketiye nyuma. Serikali, iwezayo kuongeza walimu, haina ruhusa ya kujificha nyuma yao.

Nawe, msomaji kijana, usitafute faraja katika makosa ya wakubwa. Kujifunza ni wajibu wako mzima, wala hapana awezaye kuutimiza kwa niaba yako.