Klabu ya Mashua Mahali Pasipo na Bahari

Wajir iliwahi kuwa na klabu ya mashua. Huo si utani wangu, ni wa Waingereza. Maafisa wa kikoloni waliotumwa kutawala Northern Frontier District walijiwekea baa ya jioni, wakaiita Royal Wajir Yacht Club, kwenye mji ulio zaidi ya kilomita 300 kutoka ufuo wowote, ambako maji hutoka kisimani kwa ndoo na kamba. Hilo neno "Royal" liliingiaje? Kila msimulizi ana hadithi yake.

Jina lenyewe linanichekesha, na hapo ndipo swali langu linaanzia. Mimi ni mtoto wa Griftu, magharibi mwa Wajir. Je, ninaweza kuucheka utani ambao ulipotungwa, watu wangu walikuwa nje ya mlango?

Utani wenyewe nauelewa kabisa. Kijana ametoka mji wa bahari huko kwao, ametupwa kwenye joto na vumbi, jioni anataka kinywaji na mtu wa kuongea naye. Anaita mchanga bahari ili asipate wazimu. Hata sisi hufanya hivyo. Mtu ana kibanda cha mabati na mabenchi mawili, anakiita Hilton, na hakuna anayeona ajabu. Kuicheka dhiki yako ni haki ya kila binadamu.

Lakini dhiki ilikuwa ya nani? Waingereza waliweka kituo Wajir mwaka 1912. Tayari kulikuwa na sheria ya 1902 ya kufunga wilaya za pembeni: huingii wala hutoki bila kibali. Ya 1934 ikaongeza makali, serikali ikawa na nguvu ya kuamua ukoo gani uishi wapi na mifugo ilishe wapi. Sasa jiulize nani alikuwa akitoa hivyo vibali. Si hao hao wa klabu? Mchana afisa anamwambia mfugaji asivuke mstari, jioni anacheka jinsi alivyo mbali na bahari. Afisa angengoja likizo, apande meli, arudi kwao. Mzee wa Wajir aliyetaka kuiona bahari kwa macho yake alihitaji karatasi yenye sahihi. Mashua ilikuwa yao. Kukwama nchi kavu kulikuwa kwetu. (Na uhuru haukufungua mlango siku hiyo hiyo. Hali ya hatari ilitangazwa huku Desemba 1963, ikaondolewa 1991.)

Rafiki yangu mmoja anasema basi tuisahau hiyo baa, walevi wa zamani wanatuhusu nini. Sikubaliani naye. Ukiufuta utani, unafuta na ushahidi kwamba kuna watu walioweza kucheka wakati ule. Mimi naona tuucheke, lakini tusimulie na upande wa kibali. Nusu ya hadithi ndiyo inayoudhi.

Nikizidi kuifikiria hiyo klabu, inanipeleka mahali nisipopapenda sana. Waingereza huiita baa ya mtaa "nyumba ya umma". Maneno matamu. Ila mpaka mwaka 1982 kulikuwa na baa mashuhuri London, El Vino, ambako mwanamke hakuhudumiwa akisimama kaunta pamoja na wanaume. Alitakiwa kwenda kuketi chumba cha nyuma. Wanawake wawili waliishtaki, wakashinda kwenye mahakama ya rufaa. Yaani umma ulikuwa na mlango, na mlango ulikuwa na macho.

Nyumba ya umma ya Griftu ni hoteli ya chai. Pombe hapana, lakini kazi ni ile ile: bei za ngamia, siasa za kaunti, nani ameoa, mvua iko wapi. Ukitaka kujua mji unafikiria nini, ni pale, kuanzia saa kumi, wazee na vijana wakitafuna miraa. Mimi huandika makala kwa malipo ya hapa na pale (chuo niliacha mwaka wa pili, karo iligoma), na mwandishi angepaswa kukaa palepale na kusikiliza. Siwezi. Hakuna aliyewahi kuniambia nisiingie. Nikikaribia tu, sauti zinashuka, mtu anasafisha koo, naulizwa kwa heshima zote, "Dada, unamtafuta nani?"

Najua kuna tofauti. Hawa hawakunipa kibali wala kuninyima, na wengine ni wajomba zangu ambao wangeniuzia ngamia wao nikiugua. Mkoloni hakuwa mjomba wa mtu. Ila ukikaa nje, unaona mambo ambayo aliye ndani haoni. Afisa wa klabu sidhani alijiona mlinzi wa mlango. Alijiona mtu aliyechoka, anayepumzika na wenzake. Wajomba nao wamechoka, wanapumzika.

Na ile chai ni ya maziwa ya ngamia, yaletwayo na wanawake. Nilimuuliza ayeyo, bibi yangu, ambaye amewauzia maziwa hoteli hiyo tangu kabla sijazaliwa, kule ndani kukoje. Akasema hajui, hajawahi kupita jikoni. Kisha akanitajia kwa majina wote wanaokaa humo, mmoja baada ya mwingine, na pesa anazomdai kila mmoja.