Wajibu kwa Kitu Kisichodumu

Jiwe na shaba vimewazoeza watu kudhani kuwa kazi ya sanaa ni lazima iishi kuliko mkono ulioifanya. Plastiki na mpira vimelivunja wazo hilo. Filamu za kale za asetati hunuka siki zikianza kuoza; na vitu vya selulosi naitreti hutoa mvuke mkali ulao hata chuma na karatasi zilizo karibu, hata mtunzaji hana budi kuvitenga kama wagonjwa wa tauni. Asiyepata kuingia ghala la makumbusho hasadiki kuwa vikongwe wa humo aghalabu ni vitu vilivyozaliwa jana.

Katika mwaka 1969 Eva Hesse, mzaliwa wa Hamburg aliyelelewa New York, alifanya kazi iitwayo Expanded Expansion, yaani Mpanuko Uliopanuliwa. Alipaka utomvu wa mpira juu ya kitambaa cha shashi, akakitandaza baina ya nguzo za nyuzi za kioo na plastiki, ndefu kuliko mtu. Mfano wake ni pazia: laweza kukunjwa likawa dogo, laweza kukunjuliwa likaenea ukutani, na jina lake lilitokana na uwezo huo. Alifariki mwaka 1970, umri wake miaka 34. Hewa na mwanga viliendelea na kazi yao baada yake. Mpira uliokuwa laini, wa rangi hafifu, uligeuka hudhurungi, ukakakamaa kama ngozi ya ngoma. Pazia halikunjuki tena.

Je, ana wajibu gani mtu aliyeachiwa kitu kama hicho? Mwenyewe alijua kuwa mpira haudumu. Alisema nafsi yake ilimsuta kidogo juu ya walionunua kazi zake. Kisha akasema kuwa maisha hayadumu, wala sanaa haidumu. Wako waonao humo ruhusa ya kuiacha ife. Mimi siioni. Kukubali kifo chako si kumkataza jirani asikuletee maji. Wengine wataka mpira mpya upakwe juu ya shashi mpya kwa kipimo kile kile. Hoja yao ina nguvu kuliko idhaniwavyo, maana kazi hii ilikuwa ni kukunjuka, na nakala ingekunjuka. Lakini nani ajuaye mkono wake ungesita wapi, na wapi ungezidisha? Nakala yafaa kufundishia. Ikikalishwa mahali pa asili bila kutajwa, ni ushahidi wa uongo.

Makumbusho ya Guggenheim huko New York, yenye kazi hiyo, yaliionyesha tena mwaka 2022 baada ya miaka 35 bila kuonekana. Ilitibiwa, haikuvishwa ujana. Nausifu uamuzi huo, ingawa una gharama: kila siku ya kuonyeshwa ni siku ya mwanga, na mwanga hula mpira. Giza na baridi vingeurefusha uhai wake. Lakini kazi isiyotazamwa imehifadhiwa kwa ajili ya nani? Watazamaji wa mwaka ule walipewa sehemu ya uhai ambayo watazamaji wa kesho hawataipata, na hao wa kesho hawakuwapo kuulizwa.