Chupa Ipi Nichukue?



Mdogo wetu wa mwisho alipopata Kipaimara, hapa nyumbani Sigino tuliandaa chakula kidogo. "Kidogo" ni neno la mama. Mbuzi alichinjwa na majirani walijaa. Siku moja kabla, mama akanipa hela na kazi ambayo sikuitegemea: "Wewe uliyesoma, nenda mjini ukanunue soda, na waini chupa moja ya kumpongeza mtoto."

Kusoma nimesoma, ila waini siijui. Divai niliyoizoea maisha yangu yote ni ile ya kwenye kalisi, nayo naiona kwa mbali kutoka benchi la kwaya.

Nikaingia duka la vinywaji pale Babati mjini. Rafu nzima chupa! Kijana wa duka akaniuliza, "Unataka kavu au tamu?" Nikashtuka. Kavu tena? Si nimefuata kinywaji? Akacheka mpaka akashika meza, halafu, Mungu ambariki, akanifundisha.

Kumbe divai ni maji ya zabibu yaliyochachuka. Hamira inakula sukari ya zabibu na kuigeuza kuwa kilevi. Ikiila karibu yote, divai inaitwa kavu. Ikibaki sukari ya kutosha, inaitwa tamu. Nyekundu huchachuka pamoja na maganda ya zabibu, ndiyo maana ina rangi na ule ukakasi unaobana ulimi kama ndizi mbichi. Nyeupe ni nyepesi zaidi na hunywewa baridi. Nyekundu inaendana na nyama, nyeupe na samaki au kuku. Akaniambia pia nisome asilimia ya kilevi kwenye lebo: nyingi ni kati ya 11 na 14, lakini zipo zilizoongezewa pombe kali zinazofika 18 au zaidi, na utamu wake humdanganya anayeanza. Tena si kila chupa yenye picha ya zabibu ni divai. Nyingine ni kinywaji chenye ladha tu.

Akanionyesha ya Dodoma, shilingi 14,000. Ndugu, kutoka hapa kwetu hadi Dodoma ni barabara moja ya lami kupitia Kondoa. Kule wamisionari wa Kikatoliki walipanda mizabibu pale Bihawana, na leo wakulima wa Hombolo na vijiji vingine huvuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Ulaya haliwezekani kwa sababu ya baridi. Yaani mzabibu wa jirani kabisa.

Sikuichukua. Nilichukua ya Afrika Kusini ya shilingi 38,000. Kwa nini? Kwa sababu chupa yake ilikuwa nzito na lebo ina dhahabu. Niliwaza wageni watasemaje. Hela haikutosha, nikachukua ya soda nikaongezea. Nikajiambia, soda wanakunywa kila siku, leo wanywe waini.

Sasa sikiliza kilichotokea.

Kaka yetu mkubwa alikuwa na miezi saba bila kugusa pombe. Kabla ya hapo mama alikuwa anamtafuta usiku kwa tochi, kilabu hadi kilabu. Siku hiyo alikuwa amevaa shati jeupe, amempeleka mdogo wetu kanisani mwenyewe. Wakati wa kugonganisha glasi ulipofika, shangazi akamimina kwa kila mtu, na kwa kaka pia. "Kidogo tu baba, ni sikukuu ya mtoto. Kwani Yesu hakutengeneza divai?"

Kaka hakujibu. Aliinua glasi kama sisi, akaishusha imejaa vilevile, akatoka nje. Nilimkuta kwenye michongoma. Akaniambia, "Mdogo wangu, umenunua waini nzuri. Harufu yake naisikia mpaka hapa." Akanyamaza kidogo. "Soda hukununua?"

Hakunywa siku ile, namshukuru Mungu. Lakini lile swali la soda limekaa na mimi.

Nilijitetea sana moyoni. Kwanza, shangazi hakukosea kuhusu Kana. Mabalasi yalikuwa sita, na Bwana wetu hakutengeneza divai ya kubania. Yoshua bin Sira, sura ya 31, anaisifu divai inayonywewa kwa kiasi, kisha palepale anaonya kwamba imewaangamiza wengi. Katekisimu, namba 2290, inatukataza kupita kiasi. Haisemi kwamba kinywaji chenyewe ni dhambi. Pili, udhaifu ni wa kaka, si wangu. Je, nyumba nzima ikae bila furaha kwa ajili ya mtu mmoja?

Hilo ndilo swali ninalokuachia na wewe, kijana mwenzangu, maana si jepesi. Paulo, kwenye Warumi 14, anasema ni heri kuacha nyama na divai kama vinamkwaza ndugu. Zamani niliona hapo anawabana wenye nguvu kwa ajili ya wanyonge. Siku hizi naona anauliza kitu kingine: huyo ndugu, ulimwona kabla hujajaza meza?

Kilichonisaidia zaidi ni Kanisa lenyewe. Kanuni ya 924 inadai divai ya Misa iwe ya asili, tunda la mzabibu, isiyoharibika. Hapo Kanisa halina mzaha. Huwezi kuweka juisi ya embe. Lakini Kanisa hilohilo limemfikiria padre asiyeweza kunywa kilevi. Kwa ruhusa ya askofu anaweza kutumia mustamu, yaani maji halisi ya zabibu ambayo uchachukaji wake umesimamishwa. Na mwamini anayepokea Mwili tu, au Damu tu, anampokea Kristo mzima, hapungukiwi kitu. Ona basi: meza inayoithamini divai kuliko meza zote duniani imemtafutia nafasi asiyeweza kuinywa. Mimi nilishindwa kumtafutia kaka yangu hata soda moja.

Kwa hiyo ukiniuliza leo jinsi ya kuchagua waini kwa mara ya kwanza, sianzi na nyekundu au nyeupe. Naanza na watu. Nani ataketi? Yupo mwenye mimba, mwenye dawa, mwenye kuendesha pikipiki usiku, aliye chini ya miaka 18, anayepigana vita kama ya kaka? Wapate kinywaji chao kwanza, tena kwenye glasi nzuri kama za wengine, wasionekane wa pembeni. Kisha angalia chakula. Kisha soma lebo. Bei iwe ya mwisho, na jina la kuwatambia wageni lisiwepo kabisa. Na kama wewe hunywi, hulazimiki kuanza ili uonekane mkubwa.

Sikukuu ya juzi ya kumwombea marehemu baba nilitumwa tena. Nilichukua ya Dodoma, nyekundu kavu, chupa moja, na kreti mbili za soda. Shangazi alipoonja alikunja uso: "Mbona inabana?" Nikacheka. Kaka ndiye aliyezunguka akimimina soda, akaanza na watoto. Waini hakuigusa, wala hakutoka nje.

Sijui kesho yake itakuwaje, hata yeye hajui. Anahesabu siku moja moja.

Tusali: Bwana Yesu, uliyeona upungufu wa Kana kabla ya aibu kuwafika wenye nyumba, tupe macho ya Mama yako. Tujue nani amepungukiwa mezani petu. Amina.

Wiki hii fikiria: kwenye sherehe yenu ijayo, nani atakayekaa na glasi ambayo hawezi kuinywa?