Gari Dogo Mbele ya Gari Kubwa: Haki Iko Wapi?



Leo tutafakari haki kwa kutumia magari. Safari Rally ilianza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye, kwa miaka mingi, ilifanyika siku za Pasaka, masika yakiwa yamekolea. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7 tu.

Mwaka 1974 alishinda Joginder Singh, Mkenya mzaliwa wa Kericho, akiwa na Mitsubishi Colt Lancer ya lita 1.6. Wa pili alikuwa Björn Waldegård na Porsche 911, gari lenye nguvu zaidi. Kwenye lami kavu Lancer isingefua dafu. Lakini tope halikuuliza bei ya gari.

Hapa wengi tunakimbilia kusema, "Umeona? Ukiamini tu, mdogo anamshinda mkubwa." Subiri kwanza. Mwaka 1962 Pat Moss alikuwa anaongoza na Saab yenye injini isiyofika hata lita 1. Akagonga swala, akamaliza wa tatu. Kwani yeye alikosa imani? Hapana. Injili haijatuahidi kwamba kila mdogo atashinda.

Sasa, ni haki kuwashindanisha wasiolingana? Mtakatifu Tomaso wa Akwino, akimfuata Aristotle, anafundisha kwamba haki ni kumpa kila mtu kilicho chake, na mara nyingine hicho si kipimo kilekile kwa wote. Waandaaji wa mwanzo wa Safari walilijua hilo: waliyapanga magari katika madaraja kufuatana na bei yake. Barabara ilikuwa moja, ila gari la bei ndogo halikupimwa kama la bei kubwa.

Angalia mfano wa talanta katika Mathayo 25. Mmoja alipewa tano, mwingine mbili, mwingine moja. Ukisoma vizuri utakuta aliyeleta faida ya mbili alisifiwa kwa maneno yaleyale kama aliyeleta tano. Na yule wa moja hakulaumiwa kwa kuwa na moja. Alilaumiwa kwa kuifukia. Mungu hatakuuliza kwa nini hukuwa Porsche. Atakuuliza uliiendesha vipi hiyo Lancer yako.

Lakini jamani, mfano huu tusiugeuze kuwa mto wa kulalia. Kijana wa Galula anayesoma sayansi bila maabara anafanya mtihani uleule wa kidato cha nne na mwenzake wa mjini mwenye vitabu, maabara na mwalimu wa ziada. Kumwambia "jitahidi tu, Mungu yupo" kisha tukaondoka, hiyo siyo imani, ni uvivu wetu tumeuvika kanzu. Kanisa linatufundisha kuwapa maskini kipaumbele, na hilo ni deni la haki kabla halijawa sadaka. Mwenye talanta tano hakupewa ili amcheke mwenye moja.

Na wewe mwenye gari kubwa, kumbuka: yaliponasa kwenye tope, magari ya Safari yalisukumwa na wanakijiji, watu ambao wengi wao hawakuwa na gari lolote. Nguvu ya mtu yeyote ina mahali inapoishia, na hapo ndipo anapomhitaji jirani.

Maswali ya kujiuliza wiki hii:
1. Talanta gani nimeifukia kwa sababu naiona ndogo kuliko ya mwenzangu?
2. Nani yuko nyuma yangu kwa sababu tu alianza na kidogo, nami naweza kumsukuma?

Tusali: Ee Bwana, utuondolee wivu kwa waliopewa zaidi, na dharau kwa waliopewa kidogo. Utupe moyo wa kumaliza mwendo, na mikono ya kumsaidia aliyenasa njiani. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.