Mtoto wa Nani?

Mgeni akishuka kwenye basi hapa Same, hata hajamaliza kujipangusa vumbi, ameshaulizwa maswali mawili. La kwanza ni anakwenda wapi. La pili, nalo ndilo lenyewe, ni kwamba yeye ni mtoto wa nani. Akilijibu vizuri hili la pili ataonyeshwa njia, atapokewa mzigo, na pengine atapewa kiti na maji ya kunywa. Katika miaka yangu yote ya kufundisha walimu nililisifu swali hilo. Niliwaambia wanachuo, hasa wale waliotoka miji mikubwa, kwamba hapo ndipo lilipo shina la utu wetu: hatuwezi kumpita mtu bila kutaka kujua ametoka wapi na ana nani. Leo naomba nilitazame upya, kwa sababu siku moja liliulizwa mbele ya macho yangu na jibu likakosekana.

Msomaji asiyepafahamu kwetu ajue tu kwamba mji ni mdogo, umekaa chini ya milima ya Upare, upande ule ambao mvua hubaki juu na kutuachia upepo. Barabara kuu iendayo Moshi na Arusha hupita hapa, na reli pia, lakini wapitao ni wengi kuliko washukao. Kutoka milimani hushuka tangawizi, ndizi na maharage. Kutoka tambarare huja mbuzi na ng'ombe. Siku ya gulio vyote hivyo hukutana, pamoja na mitumba, sufuria, dawa za mitishamba na kelele. Maisha yetu ya kila siku yamejengwa juu ya kufahamiana. Dukani ninapochukua sukari kuna daftari, na ukurasa wangu haujapata kutiwa saini. Nikisema "andika", inaandikwa. Nisipoonekana njiani siku mbili, mtu hubisha hodi kuuliza kama naumwa. Fundi anayenitengenezea baiskeli aliwahi kunifuata hadi nyumbani jua likizama, aniletee shilingi mia tano ya chenji niliyoisahau. Nilipomshukuru kwa uaminifu wake alicheka. "Mwalimu," alisema, "ningeila hela yako, barabara hii ningeipitaje kesho?"

Nilicheka pamoja naye, na baadaye niliyatumia maneno yake darasani. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, katika kitabu chake kiitwacho Jamhuri, anacho kisa cha mchungaji aliyepata pete ya ajabu. Akiigeuza kidoleni, haonekani tena. Basi mtu yule akamshawishi mke wa mfalme, akamwua mfalme, akatwaa nchi. Swali la kisa ni jepesi kuuliza na gumu kujibu: mtu akihakikishiwa kwamba hataonekana na yeyote, atabaki mwema? Wanachuo walibishana hadi kengele ikalia. Mimi niliwaambia kwamba katika mji mdogo pete ile haifanyi kazi, kwa kuwa hakuna pa kujificha, na kwamba mtu akiishi miaka hamsini chini ya macho ya wenzake, wema huo wa kutazamwa humwingia mwilini ukawa wake. Nililipenda sana jibu langu.

Mwaka 2021, katika muda wa mwezi mmoja, simu mbili ziliibwa gulioni.

Ya kwanza ilichukuliwa na kijana wa papa hapa. Alikamatwa kabla hajafika mbali. Swali lilipoulizwa, watu kumi walijibu kwa pamoja, maana baba yake walimjua wote. Baba akaitwa. Nami nikaitwa, kwa sababu nilimfundisha mama yake kijana huyo. Tuliketi kwenye mabenchi ya muuza kahawa, simu ikarudishwa, baba akatoa kitu kidogo cha kumpoza mwenye simu, na kijana akaomba radhi huku machozi yakimtoka. Hakuna aliyemgusa. Niliona hiyo ni haki, na hata sasa sidhani kwamba tulikosea.

Wiki mbili baadaye palipigwa yowe tena. Huyu alikuwa mtu wa miaka kama thelathini, amevaa shati la buluu, ana mfuko begani. Alikimbia. Walimkamatia karibu na malori ya ndizi, na nilimsikia mtu akiuliza, kwa sauti ile ile tunayowaulizia wageni stendi: "Wewe mtoto wa nani?" Alitaja jina ambalo hakuna aliyelijua. Alitaja na mahali, napo ni mbali. Mtu akasema, "Katoka na treni huyu." Treni ya abiria ilikuwa imerudi Desemba 2019, baada ya kukosekana kwa zaidi ya miaka ishirini, na sisi tuliipokea kwa vigelegele. Siku ile neno "treni" likawa hukumu. Sikuona nani alianza.

Nilisimama hatua kama kumi na tano hivi. Mimi ni mzee wa kofia nyeupe na mkongojo, kila mtu pale ananijua, na sauti yangu ilizoea kunyamazisha ukumbi mzima wa wanachuo bila kipaza sauti. Waliokuwa wakipiga niliwaona, nikawajua. Mmoja wao alikuwa fundi wa baiskeli. Ningeita jina lake moja tu, nina hakika mkono wake ungeshuka. Sikuita. Nilijiambia kwamba mimi ni mzee, nitasukumwa nianguke. Nilijiambia kwamba polisi wako njiani. Nikajiambia, na hili linaniuma kuliandika, kwamba pengine ni mwizi kweli. Kana kwamba yule wa mabenchini hakuwa mwizi kweli.

Simu ilipatikana mfukoni mwake. Nalitaja hili makusudi, ili msomaji asije akadhani kwamba nasikitika kwa sababu tulimwonea asiye na kosa. Polisi walipofika walimkuta hai, na hilo lilikuwa bahati, si kazi ya mtu.

Nimefundisha Uraia. Najua kwamba Ibara ya 13 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitishwa. Ujanani nilikuwa mwanachama wa TANU, na ahadi ya kwanza ya mwanachama ilikuwa kwamba binadamu wote ni ndugu. Haikusema wale tu ambao baba zao tunawajua. Mambo hayo yote nilikuwa nayo kichwani pale nilipokuwa nimesimama. Hayakunisaidia kufungua mdomo.

Usiku ule niliikumbuka pete ya Plato, nikaona niliwadanganya wanachuo. Macho ambayo sisi watu wa mji mdogo tunayaogopa ni macho ya wanaoweza kututaja. Mgeni anatuona, lakini hawezi kusema fulani bin fulani kanipiga. Hawezi kwenda kwa baba zetu. Hawezi kufunga ukurasa wetu dukani. Mbele yake, kila mmoja wetu alikuwa na pete kidoleni, na wala hakuhitaji kuigeuza.

Wapo watakaonikumbusha historia yetu. Mwaka 1945 wazee wetu, katika kuipinga kodi ya mbiru, walishuka milimani kwa maelfu wakapiga kambi hapa hapa Same kwa miezi, huku wanawake wakiwaletea chakula. Habari hizo Profesa Isaria Kimambo ameziandika. Baba yangu alikuwamo, na alipenda kutusimulia jinsi alivyolala mkeka mmoja na watu wa pande nyingine za milima asiowafahamu kabisa. Mimi nami nilikitumia kisa hicho kama ushahidi wa undugu wetu. Siku hizi nakumbuka zaidi sehemu ambayo zamani niliipita haraka: kwamba usiku wa kwanza walikesha wakiulizana koo, hadi kila mmoja akapata shemeji au mjomba kwa mwenzake. Ndipo wakagawana chakula.

Sisemi kwamba kujuana ni kubaya. Mwanangu anaishi Dar es Salaam katika mtaa ambao jirani hamjui jirani, na huko nako wezi hupigwa, tena bila hata kuulizwa ni watoto wa nani. Ningeombwa kuchagua pa kuzeekea ningechagua hapa tena, na daftari la duka ni sababu mojawapo. Ninachojiuliza ni kama wema unaosubiri kwanza kupewa jina unastahili kuitwa wema, au ni namna ya mkopo tu, tunakopeshana wenyewe kwa wenyewe. Nimelizungusha swali hili mara nyingi. Kuna siku najibu kwamba wema wote wa binadamu huanza hivyo, na kwamba mtoto humpenda mama yake kabla hajampenda mtu mwingine. Lakini mimi si mtoto, nina miaka zaidi ya sabini.

Fundi bado ananitengenezea baiskeli, bado ananirudishia chenji. Jambo lile hatujalizungumza. Nilimwona, na yeye aliniona.

Kesho yake nilikwenda hospitali na chupa ya chai na mkate. Muuguzi aliniamkia, akauliza, "Mzee, mgonjwa ni nani wako?" Nilibabaika, nikasema nimekuja kumtazama tu. Uso ulikuwa umevimba, jicho moja limefunga, mkono mmoja umefungwa. Nikampa pole. Alinitazama kwa lile jicho moja, akaitazama na kofia yangu.

"Wewe ulikuwepo," alisema.

"Nilikuwepo."

Akageukia ukutani. Nilimwuliza jina lake, hakujibu. Nilimimina chai kikombeni, nikaisogeza karibu na mkono wake mzima, nikaiacha na chupa hapo.

Niliporudi baada ya siku mbili kitanda kilikuwa na mtu mwingine. Yeye polisi walikwisha kumchukua. Nilisahau kuulizia chupa. Jioni mtoto wa jirani aliniletea, imeoshwa vizuri, kifuniko kimekazwa. Haikuwa na jina popote. Nilimwuliza amejuaje ailete kwangu.

"Wamesema ni ya Mwalimu," alinijibu, akakimbia kwenda kucheza.