Ufupi wa Njia

Upande wa magharibi wa Kilimanjaro, njia za Lemosho na Machame zikishakutana juu ya uwanda wa Shira, msafara hugawanyika upya. Wageni huongozwa hadi Lava Tower, jabali jeusi lililo karibu mita 4,600, kisha siku hiyohiyo huteremka kulala Barranco, takriban mita 3,900. Wapagazi, mizigo kichwani, hukata kwa njia ya chini na kutangulia. Anayehesabu kilomita atasema mgeni amezungushwa bure: kapandishwa mita mia saba ili azirudishe zote kabla ya giza. Hesabu yake haina kosa, ila amepima kisichohitaji kupimwa. Njia ni zaidi ya umbali kati ya kambi na kambi. Ni kazi inayofanyika ndani ya mwili wa anayeipita. Kileleni Uhuru, mita 5,895, shinikizo la hewa ni karibu nusu ya lile la pwani. Mapafu huongeza kasi papo hapo, lakini figo huhitaji siku kadhaa kuiweka sawa asidi ya damu, wala hakuna ushupavu unaoziharakisha. Saa chache za Lava Tower huuonjesha mwili uhaba huo wa hewa, na usiku wa Barranco huupa nafasi ya kujipanga. Kushuka kule, basi, ni sehemu ya kupanda.

Atakayepinga atamtaja Karl Egloff, aliyepanda na kushuka mlima huu mwaka 2014 bila kutimiza saa saba. Sawa, lakini Egloff ni mzaliwa wa Quito, mji ulio kwenye mita 2,850 hivi. Muda ambao saa haikuuhesabu alikwisha kuulipa. Pingamizi zito zaidi ni wapagazi wenyewe: mbona wao hukata njia na hakuna anayewalaumu? Kwa sababu safari yao ni nyingine. Wengi wao hawaendi kileleni, na mahema lazima yasimame kabla wageni hawajafika. Njia ileile inawafaa wao na inamponza mgeni, jambo linaloonyesha kwamba ufupi haumo ardhini, umo katika lengo la anayetembea.

Linabaki suala la fedha, na hapa mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Ada za hifadhi hutozwa kwa siku, kwa hiyo subira mlimani ina bei, na asiye nacho husukumwa kwenye njia ya Marangu ya siku tano. Kumhubiria huyo uzuri wa mzunguko mrefu ni dhihaka. Hata hivyo hoja hiyo inathibitisha unafuu wa njia fupi tu, haithibitishi kwamba inafikisha. Aliyelipia siku tano akarudishwa njiani anatapika, kichwa kinamgonga, amenunua safari ghali kuliko zote. Mwenye uwezo wa kuongeza siku moja tu aiongeze Horombo, kambi ya njia hiyo ya Marangu, mita 3,720: asubuhi apande hadi Mawe ya Pundamilia, miamba yenye michirizi myeusi na myeupe, halafu arudi kulala palepale.